Gawio la Desemba: Ni Baraka Mpya au Ni Fedha Yako Inarudi Nyumbani?

Jumamosi jioni katika wiki ya pili ya Desemba, ukipita mitaa ya Igoma, Buhongwa au Pasiansi hapa Mwanza, utasikia vigelegele kutoka uani kwenye nyumba fulani. Si harusi wala si kipaimara. Ni akina mama wamevunja kikoba chao. Sanduku limefunguliwa, daftari limesomwa, na kila mmoja anatoka na bahasha yake ameibana kwapani. Wapo ambao mwaka mzima hawakupata kushika shilingi laki tatu kwa mkupuo mmoja, na leo wana milioni.

Ni siku njema, na hakuna anayepaswa kuionea haya. Lakini tarehe 10 au 15 ya Januari, katika mitaa ile ile, utawakuta baadhi ya akina mama wale wale wamekaa kwenye benchi la mkopeshaji. Watoto wanafungua shule, sare hazijashonwa, na ile bahasha imebaki karatasi tupu.

Jirani yangu mmoja alikuwa kati ya hao. Ni mke wa mtu, mama wa watoto watatu, na anauza dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni. Ameniruhusu niandike habari zake ili zitusaidie na sisi wengine, ila jina lake nisilitaje.

Alivyoishi mwaka ule

Kikundi chake kilikuwa na akina mama 25. Walikutana kila Jumamosi, na hisa moja ilikuwa shilingi 5,000. Kanuni iliruhusu mwanachama kununua hisa moja hadi tano kila wiki. Jirani yangu alijiwekea nadhiri ya kununua hisa nne, yaani shilingi 20,000, bila kukosa. Kwa wiki 50 alizoweka, alifikisha shilingi 1,000,000. Faida ya mikopo ilipogawanywa, alipata shilingi 150,000 juu yake. Akatoka na shilingi 1,150,000, na akasifiwa mbele ya wote kuwa ni mama mwenye bidii.

Sifa hizo alizistahili. Lakini kulikuwa na jambo ambalo daftari la kikundi halikulionyesha.

Mwanzoni mwa Agosti mtoto wake wa mwisho aliugua akalazwa. Mfuko wa jamii wa kikundi ulimpa shilingi 50,000, nayo haikutosha. Mkopo wa kikundi alikuwa tayari anao, aliouchukua kuongezea mtaji wa dagaa, na kanuni haikuruhusu mikopo miwili kwa pamoja. Siku hiyo ndani ya sanduku kulikuwa na zaidi ya shilingi 600,000 alizoziweka kwa mkono wake mwenyewe, lakini zilikuwa nyuma ya kufuli tatu. Basi akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa ambao watu wameiita mikopo yao kausha damu. Akakopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi.

Agosti alilipa riba ya shilingi 60,000. Septemba alilipa 60,000. Oktoba vivyo hivyo, na Novemba vivyo hivyo. Deni lenyewe lilikuwa limekaa pale pale, halijapungua hata shilingi moja. Desemba alipopata gawio ndipo alipolilipa lote.

Zikabaki shilingi 850,000. Alinunua makochi kwa 320,000. Safari ya Ukerewe kwa wakwe, pamoja na zawadi, ilimgharimu 180,000. Nguo za Krismasi za watoto na za baba yao, 150,000. Mchele, kuku, soda na wageni, 110,000. Michango ya harusi mbili, 60,000. Mwaka Mpya ulimkuta na shilingi 30,000, na mtoto wake wa kwanza amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza.

Ada ya shule za serikali imeondolewa tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Lakini sare, viatu, begi, daftari na nauli havijaondolewa. Mama yule akarudi kwenye lile benchi.

"Leta daftari lako, si la kikundi"

Katika kikundi chao yuko mama mmoja mtu mzima, ambaye amekausha na kuuza dagaa tangu enzi za taa za karabai. Wenzake humwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma. Alisikia habari, akaja asubuhi nyumbani kwa jirani yangu.

"Mwangaluka, mayu," jirani yangu akamsalimu. "Karibu ndani."

Mama yule alikaa kwenye makochi mapya, akayapapasa, akasema, "Makochi mazuri, mwanangu. Sasa leta daftari lako. Si la kikundi, lako wewe."

"Mimi sina daftari langu, mayu."

"Basi chukua la mtoto, tuandike."

Wakaandika. Mwaka mzima sanduku lilimpa faida ya shilingi 150,000. Mkopeshaji, kwa miezi minne, alichukua riba ya shilingi 240,000. Mama yule akauliza, "Umeona? Uliweka milioni, ukasifiwa. Lakini mwaka umekutoa na hasara ya elfu tisini. Ulikuwa unakopa fedha za watu kwa bei ghali, na zako mwenyewe zimelala sandukuni."

Jirani yangu anasema alilia. Hakulilia makochi. Alilia kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwibia.

Tatizo hili si letu peke yetu

Akina mama wenzangu, msidhani kwamba jambo hili linawapata maskini wa kando ya ziwa tu. Ndugu zetu wanaoishi Marekani wanalo la kwao linalofanana sana na hili. Kule mwajiri hukata kodi katika kila mshahara, na wafanyakazi wengi hukatwa zaidi ya wanachodaiwa. Mwaka ukiisha hujaza fomu, na serikali huwarudishia kile kilichozidi, wengi wao kati ya Februari na Aprili. Kwa wastani ni karibu dola 3,000, na wenye kipato kidogo walio na watoto hupata pia nyongeza ya msaada.

Siku fedha hizo zinapoingia, nyumba nyingi hufurahi kama sisi tunavyofurahi Desemba. Lakini wajuzi wa mambo ya fedha kule wamekuwa wakiuliza: furaha hiyo ni ya nini? Ile sehemu iliyozidi ilikuwa mshahara wako tangu mwanzo. Umeikopesha serikali mwaka mzima bila riba, na huku wewe mwenyewe ukilipa riba kwenye madeni yako. Wengine huwajibu kwamba kama fedha hizo zingekuja kidogo kidogo kila mwezi, zingeliwa zote bila kuacha alama.

Hapa kwetu mfanyakazi wa kawaida hakutani na jambo hilo, kwa sababu kodi ya mshahara hukadiriwa na kukatwa mwezi kwa mwezi, na kwa kawaida hakuna bahasha inayomsubiri mwisho wa mwaka. Bahasha yetu sisi ni gawio la kikoba, au zamu ya upatu. Lakini swali ni lile lile: je, ni busara kuiacha fedha yako ikae mbali nawe mwaka mzima ili irudi kwa mkupuo?

Kufuli nalo lina kazi yake

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mtu akikwambia tu kwamba kikoba ni upotevu wa fedha, huyo hajaishi katika nyumba zetu. Fedha iliyo ndani ya nyumba ina macho mengi juu yake. Mtoto anataka daftari, shemeji anataka nauli, jirani anataka ya kusagisha mahindi, na wewe mwenyewe umeona kitenge. Ikiwa sandukuni, unaweza kusema bila kudanganya, "Sina kitu mkononi." Kufuli linamlinda mama dhidi ya wengine, na linamlinda dhidi ya nafsi yake.

Mpango huu wa hisa na sanduku haukuanzia kwetu. Ulianza mwaka 1991 katika eneo la Maradi, nchini Niger, kati ya wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Baadaye ukaenea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Siri yake ni ndogo: wanachama wachache wanaofahamiana, sanduku lenye kufuli tatu, funguo zinazokaa kwa watu watatu tofauti, na hesabu zinazosomwa mbele ya wote. Mzunguko ukifika mwisho, kwa kawaida baada ya miezi 9 hadi 12, kila mtu huchukua chake kadiri ya hisa zake.

Tena kikoba kina jambo moja zuri kuliko kodi ile ya Marekani. Fedha iliyo sandukuni hukopeshwa kwa wanachama, na riba hurudi kwa wanachama hao hao. Ukikopa kikundini, sehemu ya riba utaiona kwenye gawio lako. Ukikopa kwa mkopeshaji, riba imekwenda na haijui njia ya kurudi.

Kwa hiyo kosa la jirani yangu halikuwa kujiunga na kikoba. Kosa lake lilikuwa kutia kila kitu nyuma ya kufuli, asibakize cha kuikabili dharura, kisha akaipokea fedha ya mwaka mzima kama mtu aliyeokota njiani.

Watu wa ziwa na wa pamba wanalijua hili

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna sababu ya kushangazwa na fedha inayokuja kwa misimu. Wazee wetu wa Usukuma walilima pamba miaka mingi, na fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, soko linapofunguliwa katikati ya mwaka. Ilikuja pamoja na majira ya ngoma na harusi. Wapo walioimaliza kabla mvua za kwanza hazijanyesha. Wapo pia waliosema, "Fedha ina miguu, ng'ombe ana kamba," wakageuza pamba kuwa mifugo ili siku ya shida pawepo cha kuuza. Hawakukaa darasani, lakini walijua kwamba fedha ya mkupuo inapaswa kupangiwa kazi kabla haijafika mkononi.

Na muuza dagaa naye ana mafunzo yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu ya kuwavuta, na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za kupata na siku za kukosa. Katika siku za giza mzigo ni mwingi na bei hushuka. Mwenye mtaji mkononi wakati huo hununua, hukausha vizuri, na huweka akiba ya mzigo hadi mbalamwezi dagaa wanapoadimika. Asiye na mtaji hubaki kutazama.

Jirani yangu alipofikiri juu ya hilo, aligundua hasara nyingine ambayo hata daftari la mtoto halikuiandika. Kila wiki alipokimbilia kununua hisa ya nne, kuna gunia la dagaa alilolikosa. Fedha iliyo nyuma ya kufuli haiwezi kununua dagaa. Ikiwa biashara yako ndogo inakupa faida kubwa kuliko sanduku, usiinyime chakula ili kulishibisha sanduku.

Basi tufanye nini?

Baada ya kuzungumza na mama huyu, na na wengine wanaotunza fedha za vikundi, haya ndiyo niliyoona yanafaa.

1. Anza na akiba ya dharura, ndipo ununue hisa nyingi. Kabla ya kununua hisa nne au tano, hakikisha unacho kiasi kidogo unachoweza kukifikia siku yoyote, kwenye akaunti ya benki au kwenye simu. Kwa nyumba nyingi, gharama ya mwezi mmoja ya chakula na matibabu ni mwanzo mzuri. Akiba hiyo haina faida kubwa, lakini ndiyo inayokuzuia usifike kwenye lile benchi.

2. Usikope nje kwa riba ghali wakati yako imelala. Ombeni kikundi kiweke kanuni ya mkopo wa dharura, ulio tofauti na mkopo wa biashara, wenye kiwango kidogo na muda mfupi. Kama kuna mwanachama mwenye hisa 600,000 anayelilia 300,000, kikundi chenye upendo kitaona njia. Na kama ni lazima kukopa nje, uliza kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Piga hesabu ya riba kwa mwaka, si kwa mwezi tu. Asilimia 20 kwa mwezi, ukiilipa miezi 12, ni shilingi 240 kwa kila 100 uliyokopa, na ile 100 bado unadaiwa.

3. Chagueni mwezi wa kuvunja kikoba kwa hekima. Ni nani aliyesema lazima iwe kabla ya Krismasi? Desemba bei za nguo na kuku hupanda, nauli huwa taabu, na kila mwenye harusi analeta kadi. Kikundi cha wenye watoto shuleni kinaweza kuvunja wiki ya kwanza ya Januari. Kikundi cha wakulima wa Magu, Kwimba au Misungwi kinaweza kuvunja Oktoba, ili fedha ikute mbegu na maandalizi ya shamba. Msimu mmoja wa kikao unatosha kubadili tarehe hiyo.

4. Ipe fedha jina kabla haijafika. Mwezi mmoja kabla ya gawio, kaa na daftari lako uandike: madeni kwanza, shule ya pili, mtaji wa tatu, akiba ya nne, na furaha ya tano. Furaha isikose, maana Mungu hakutuumba tuwe watumwa wa hesabu. Lakini iwe na kiwango chake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Usibebe bahasha gizani. Sanduku lililojaa na siku inayojulikana mtaa mzima ni mwaliko kwa wezi. Fungueni akaunti ya kikundi benki, au tumieni huduma za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi, kama M-Koba iliyoanzishwa mwaka 2019. Gawio liingie moja kwa moja kwa kila mwanachama. Fedha iliyoingia benki usiku wa Jumamosi haitumiki ovyo Jumapili.

6. Sajilini kikundi. Sheria ile ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi vya kijamii, na usajili hupitia halmashauri. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kikundi kilichosajiliwa kina katiba, na mweka hazina akihama usiku mna pa kuanzia.

Mume naye ana habari?

Hapa nataka tuseme ukweli kati yetu sisi akina mama. Wengi wetu tunaficha kiasi cha gawio. Tunasema, "Akijua, ataacha kutoa ya matumizi." Hofu hiyo kwa nyumba nyingine si ya bure. Wapo wanaume ambao wakisikia mke amepata, mifuko yao hushonwa.

Lakini siri nayo ina bei yake. Jirani yangu alificha deni la kausha damu kwa miezi minne, kwa sababu angelitaja deni, angelazimika kutaja na sanduku. Mume wake alikuwa na shilingi 200,000 aliyokuwa ameitenga kwa mabati. Angeliambiwa kuwa mtoto amelazwa na fedha haitoshi, angeitoa. "Nilidhani umelipia kwa faida ya dagaa," alimwambia mkewe baadaye. "Kwa nini ulikaa na mzigo huo peke yako?" Kila mmoja alikuwa na fedha iliyolala, na nyumba yao moja ilikuwa inalipa riba.

Kwa mama mwenye mume mlevi au mkorofi sitasema umkabidhi bahasha. Tafuta ushauri kwa mchungaji, padri au mama mlezi unayemwamini. Lakini kwa mama mwenye mume wa kawaida, mwenye mazuri na mapungufu yake, jaribu hili: siku ya utulivu, watoto wakiwa wamelala, mwambie, "Baba watoto, mwezi wa kwanza tutahitaji hivi na hivi. Mimi nitakuwa na kiasi hiki. Wewe je?" Anza na mahitaji, ndipo ufike kwenye fedha. Mazungumzo yakianza na watoto, ni vigumu kugeuka kuwa ugomvi.

Neno la Mungu linatufundisha nini?

Tunapolisoma habari za Yusufu kule Misri, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 41, tunamwona mtu aliyeweka akiba miaka saba ya shibe. Lakini angalieni: aliweka sehemu tu ya mavuno, watu wakaendelea kula. Tena ghala zilikuwa na ufunguo, na njaa ilipofika alizifungua. Akiba ambayo haifunguki siku ya njaa haijatimiza kazi yake.

Na yule mwanamke mwema wa Mithali sura ya 31, tunayemtaja kila siku ya akina mama, hakusifiwa kwa sababu ya kuficha fedha. Alilichunguza shamba kwanza, ndipo akalinunua, na kwa mapato ya mikono yake akapanda mizabibu. Alijua fedha yake inakwenda kufanya kazi gani.

Je, ni busara basi?

Jibu langu ni hili. Kuipokea fedha yako kwa mkupuo ni busara kwa ile sehemu ambayo bila kufuli usingeweza kuitunza, na ambayo umeipangia kazi kubwa: shule, shamba, mabati, mtaji. Si busara kwa ile sehemu unayoihitaji kati ya Januari na Desemba ili mtoto atibiwe na biashara isimame. Usipime hekima yako kwa unene wa bahasha. Pima kwa deni ambalo hukulazimika kulikopa.

Mwaka uliofuata jirani yangu alinunua hisa mbili kwa wiki badala ya nne. Zile shilingi 10,000 nyingine alizigawa: 5,000 kwenye akiba ya simu, na 5,000 kwenye mtaji wa dagaa. Kikundi, kwa ushawishi wa yule mayu, kilikubali kuvunja tarehe ya kwanza baada ya Mwaka Mpya. Gawio lake halikufika hata laki sita, na safari hii hakuna aliyempigia vigelegele.

Lakini siku shule zilipofunguliwa nilimwona asubuhi na mapema akimsindikiza mtoto wake wa pili, naye akiingia kidato cha kwanza. Sare ilikuwa mpya, viatu vinang'aa. Walipita mbele ya nyumba ya yule mkopeshaji, ambapo akina mama watatu walikuwa tayari wamekaa kwenye benchi. Aliwasalimu wote kwa heshima, akaendelea na safari.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mwaka uliopita, je, kuna mmoja wetu aliyekopa nje wakati alikuwa na hisa sandukuni? Tungeweza kumsaidiaje?

2. Mwezi tunaovunja kikoba unafuata mahitaji yetu, au ni mazoea tu?

3. Kila mmoja aandike kimya kimya kazi tatu za gawio lijalo. Ni ipi kati ya hizo anaweza kuizungumza na mumewe wiki hii?